Kocha wa afya anafanya nini hasa, maana "punguza wali" ushaambiwa

Watu wakisikia mi ni kocha wa afya wanadhani ntawapangia msosi wa wiki nzima halafu niwakataze wali. Wala! Mtu ambaye sukari imeanza kupanda anajua tayari soda haimfai na kutembea kunamfaa, kaambiwa na daktari, kaambiwa na dada yake, kaambiwa na kila grupu la WhatsApp alilomo. Kujua anajua, kasheshe ni ile Jumanne jioni katoka kazini hoi, foleni ya Mbagala imemmaliza, anafika nyumbani wali wa nazi ushapakuliwa. Hapo ndo mi naingia.

Tuchukue chai tu. Mama anatia vijiko vinne, asubuhi na jioni. Simwambii aache, namuuliza, mama, kuanzia sifuri mpaka kumi, una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kupunguza? Akisema tano, wengi wangedakia mbona ndogo hivyo, mi nauliza mbona hujasema mbili? Basi hapo anaanza mwenyewe, "aah si nikienda kwa mkwe wangu natiliwa viwili na nainywa tu, tena hata kiungulia sipati", yaani sababu zote zinatoka mdomoni mwake na mi nimekaa kimya. Ukimsukuma mtu na yeye anasukuma, ukimuuliza vizuri anajishawishi. Mbinu hii ilianzia kwa William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa anashughulika na watu wenye shida ya pombe, aliiandika 1983, baadaye akaikuza na mwenzake Stephen Rollnick.

Ikishatoka hiyo tunapanga, na hapa mi ni king'ang'anizi kweli. "Ntapunguza sukari" siikubali, nataka tujue saa ngapi, wapi, nani anamimina. Mwisho tunakubaliana chai ya asubuhi vijiko vitatu, kopo la sukari libaki jikoni lisije mezani, ya jioni tusiiguse kwanza. Mume akiuliza kopo liko wapi atajibiwaje? Hilo nalo tunalipanga, maana wengi wanakwamia hapohapo.

Halafu hizi habari za siku 21 tabia inakuwa ishajengeka, sijui nani kaziambukiza mtandaoni. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walifuatilia watu wanaojenga tabia mpya, wakakuta wastani ni siku 66 hivi, ila kuna wa 18 na kuna wa 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu! Hili nawaambia wateja mapema kabisa, kwa sababu mtu akila pilau ya harusi Jumamosi, Jumapili anasema basi nishaharibu, Jumatatu simu yangu hapokei. Akirudi simuulizi kwa nini ulikula, namuuliza kabla ya harusi ulikuwa umekula nini mchana, na mara nyingi jibu ni hajala kitu, alikuwa anatunza nafasi. Sasa tumepata cha kufanyia kazi.

Mwenye wasiwasi kama haya yanafanya kazi, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa hatarini kupata kisukari. Waliopewa kocha, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58, waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, asilimia 31. Hao walikuwa bado hawajaugua lakini, kwa hiyo kama ushaandikiwa dawa usiziache kisa umesoma kwangu, ongea na daktari wako.

Ukitafuta kocha, angalia kikao cha kwanza nani anaongea zaidi. Akiongea yeye saa nzima, au akitoa kopo la unga wa kupunguza tumbo na bei yake, we aga tu uondoke.