Usinitajie asilimia ya protini, nitajie laisini

Jana tena nimeulizwa, "mkuu, mashudu ya alizeti si yana protini, nguruwe soya ya nini?" Jamani, hili naliandika leo ili nikiulizwa tena nitume linki tu.

Nguruwe anachotafuta ni amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, na ukimlisha mahindi na pumba ya kwanza kupungua ni ile inayoitwa laisini. Ikipungua hiyo, amino asidi nyingine zinazozidi hazijengi nyama, anazivunja na kuzikojoa, ndo maana banda linanuka amonia hadi macho yanawasha. Na ile asilimia ya kwenye gunia, maabara wamepima naitrojeni wakazidisha kwa 6.25 basi, laisini haimo kwenye hesabu hiyo.

Mashudu ya soya ya protini asilimia 44 hadi 48 yana laisini karibu kilo 2.8 kwenye kila kilo 100. Alizeti ya protini asilimia 30 ina kama kilo 1 tu. Yaani kufidia kilo moja ya soya unamwaga zaidi ya kilo mbili na nusu za alizeti, na ikiwa imekamuliwa na maganda yake nyuzinyuzi zinaweza kupita robo ya uzito. Ng'ombe atajimudu, ana vijidudu tumboni vya kumtengenezea amino asidi, nguruwe hana wa kumtosha. Chungulia kihori jioni: unga umelambwa, yamebaki maganda meusi. Kashiba kabla hajapata anachohitaji, tumbo limejaa, mgongo mkali kama kisu, halafu mfugaji analaumu mbegu ya nguruwe.

Sijasema alizeti mbaya, changanya na soya au ongeza laisini ya dukani, inafanya kazi vizuri tu. Mashudu ya pamba yana gosipoli, ni sumu, usiyatupie hovyo. Ya karanga, angalia sumukuvu.

Kinachoninyima usingizi ni moto. Soya mbichi inazuia tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, lazima ipate joto, ila joto likizidi laisini inashikana na sukari, maabara bado wanaihesabu lakini nguruwe haimfikii. Iliyoungua ikawa kahawia iliyokoza naikataa mlangoni. Shida ni ile ya katikati: nimewahi kupitisha mzigo wa rangi nzuri ya dhahabu, wanyama wakadumaa, na vitabu vina namba moja tu ya laisini utadhani magunia yote yametoka kwenye mashine moja. Kwa hiyo mzigo mpya ukiingia napima uzito wa nguruwe wachache, nawarudia baada ya wiki 2, wakisuasua nabadilisha mchanganyo kabla sijafungua magunia mengine.