Kombora la kurushwa na ndege: usianze na bei

Arusha ni mji wa mikataba, lakini biashara ya silaha ikitajwa hapa, mazungumzo huishia kwenye bunduki na risasi. Makombora ya ndege yana mambo yake, na ndege ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Storm Shadow, kombora la Uingereza na Ufaransa ambalo Wafaransa huliita SCALP, lina uzito wa kilo 1,300 hivi. BrahMos la angani, kombora la India na Urusi, hufika tani 2.5; Su-30MKI, ndege ya kivita ya India, hubeba moja tu, chini ya tumbo, tena baada ya kiunzi cha ndege kuimarishwa. Kulining'iniza si kazi kubwa. Kazi ni kompyuta ya ndege ilitambue kombora, ilipe mahali lilipo na shabaha yake, kisha iliachie bila kugonga bawa. Hapo inahitajika programu ya ndege, na ufunguo wa programu hiyo anao mtengenezaji. Hufuata majaribio: kuruka nalo bila kulirusha ili kupima mpapatiko (mtetemo) wa mabawa, kuliachia likiwa halina injini wala baruti, na mwisho kulirusha kweli. Anayechanganya ndege ya nchi hii na kombora la nchi ile ajiandae kugharamia yote hayo. Ukraine ilirusha Storm Shadow kwa ndege za Su-24 za Kisovieti mwaka 2023, lakini hiyo ilikuwa vita; msiifanye kipimo.

Sasa kibali cha kuuziwa kombora nje ya nchi linakotengenezwa. MTCR, mpango wa mwaka 1987 wa nchi zinazodhibiti uuzaji wa teknolojia ya makombora, unaweka mstari kwenye mzigo wa kilo 500 na masafa ya kilomita 300. Kombora likifikia vyote viwili, jibu la kawaida ni hapana. Masafa yaliyoandikwa kwenye brosha hayasaidii: wakaguzi huuliza lingefika wapi kama kichwa chenye baruti kingepunguzwa na mafuta kuongezwa.

Mtego unaosahaulika zaidi ni kipuri cha nchi ya tatu. Misri ilinunua ndege 24 za Rafale za Ufaransa mwaka 2015, lakini SCALP lilikuwa na kipuri cha Marekani, kisichouzwa bila ruhusa yake, na mazungumzo ya ndege za nyongeza yakakwama hapo. Kwa hiyo omba orodha ya vipuri na nchi vinakotoka kabla ya kusaini.

Mkataba wa kimataifa wa Biashara ya Silaha, unaotumika tangu Desemba 24, 2014, unazitaja ndege za kivita na makombora kama makundi mawili tofauti. Kibali cha ndege kisichukuliwe kuwa kimebeba na cha kombora. Andika kwenye mkataba wa ununuzi kwamba kibali cha kombora kikikataliwa, malipo ya ndege yanasimama, la sivyo utapokea ndege yenye mabawa matupu na ankara kamili.