Namba Moja, Aya Tatu: Dhana Potofu Kuhusu Orodha Katika Hati

Orodha ya vitu vitano, kila kimoja neno au mawili, haimpi mtu taabu. Taabu huanza pale hatua ya tatu ya mwongozo inapohitaji maelekezo, kisha sababu, kisha onyo, kila moja katika aya yake, na zote chini ya namba ileile 3. Hapo programu huanza kutoa namba 4 na 5 ambazo hukuziomba, na mwandishi huanza kutafuta njia za mkato. Njia hizo zimezaa imani kadhaa ambazo watu hupokezana kana kwamba ni kanuni. Karibu zote zinatokana na kudhani kuwa namba ni mali ya aya, ilhali ni mali ya kipengele, yaani kitu kimoja kizima cha orodha.

"Kipengele kimoja, aya moja"

Hii ndiyo mama wa zote, na ilikotoka kunaeleweka. Katika Microsoft Word na LibreOffice Writer, programu za kuandikia hati, namba ni sifa ya aya, sawa na nafasi kati ya mistari au upana wa ujongezaji, yaani nafasi inayoisogeza aya ndani kutoka ukingoni. Ukibonyeza Enter, aya mpya hurithi sifa za iliyotangulia, namba ikiwemo. Huo ni uamuzi wa waliounda programu, si sheria ya uandishi. Katika HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kipengele cha `<li>` hubeba aya nyingi za `<p>` utakavyo, hata jedwali au orodha nyingine ndani yake. Katika LaTeX, mfumo wa kupanga hati kwa amri zinazoandikwa, kila unachoandika baada ya `\item` ni cha kipengele hicho mpaka utakapoweka `\item` nyingine au uifunge orodha.

Dawa yake katika Word ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Bonyeza Enter, acha namba mpya itokee, kisha bonyeza Backspace mara moja. Namba itafutika, lakini aya itabaki imejongezwa sambamba na maneno ya kipengele cha juu. Writer nayo hukubali mbinu hiyohiyo. Kwa hati ndefu, tumia mtindo wa aya uitwao List Continue, uliomo ndani ya Word tayari na ambao kazi yake ni hiyo tu: kuendeleza kipengele bila kukipa namba mpya. Ukirekebisha ujongezaji wa mtindo huo mahali pamoja, aya zote zinazoutumia hufuata. Kwa maoni yangu Backspace inatosha kwa barua. Ripoti ya kurasa 60 inastahili mtindo.

LyX, programu iliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1995 ili watu wanufaike na LaTeX bila kuandika amri zake, huwachanganya hata wazoefu wa LaTeX. Ndani yake kila aya ya orodha hupewa namba, kama ilivyo katika Word. Aya ya pili inabidi uibadilishe iwe ya kawaida, yaani Standard, kisha uiingize ndani ya kipengele kwa Alt, Shift na mshale wa kulia. Watu wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili. Matokeo yake aya hukaa nje ya orodha, orodha hukatika vipande viwili, na kipande cha pili huanza tena na 1.

"Shift na Enter humaliza kila kitu"

Vitufe hivyo viwili vikibonyezwa pamoja hukata mstari tu. Haviamshi aya mpya. Kwa macho tofauti ni ndogo, ila programu bado inaona aya moja. Kwa hiyo nafasi uliyopanga kati ya aya na aya haitaingia hapo, na huwezi kuipa sehemu ya pili mtindo wa aya tofauti na wa kwanza. Maandishi yakiwa yamenyooshwa kingo zote mbili, mstari uliokatwa unaweza kuvutwa mpaka ukingoni, maneno manne yakatapakaa upana wote wa ukurasa. Kwa anwani au beti za shairi, mbinu hii ndiyo hasa inayofaa. Kwa aya tatu za maelezo ni kiraka.

Kuna sababu nyingine inayowasukuma watu kwenye kiraka hiki. Mtindo wa List Paragraph, ambao Word huutumia yenyewe unapoanzisha orodha, huja ukiwa umeamriwa kutoweka nafasi kati ya aya zenye mtindo mmoja. Aya mbili ndani ya kipengele kimoja hugandana, mwandishi akaongeza Enter ya ziada ili zitengane, na Word ikikutana na Enter kwenye kipengele kisicho na neno huona umemaliza orodha. Amri hiyo imo kwenye mipangilio ya aya, ni kisanduku kimoja cha kuondoa tiki. Afadhali uiondoe tiki hiyo kuliko kupigana na kibodi.

"LaTeX imekosea, aya ya pili haikujongezwa"

Haijakosea. Katika madaraja (aina za hati) ya kawaida ya LaTeX, mjongezo wa aya ndani ya orodha hutawaliwa na `\listparindent`, ambao thamani yake ni sifuri. Aya hutenganishwa kwa nafasi ndogo ya wima, `\parsep`. Msomaji anaitambua aya ya pili kwa upenyo huo, si kwa mjongezo.

Mtego uko kwenye enumitem, kifurushi cha nyongeza cha LaTeX cha kupangia orodha. Wengi huongeza `noitemsep` wakiamini kwamba inabana nafasi kati ya kipengele na kipengele tu, kama jina linavyodokeza. Kumbe inafuta na `\parsep` pia. Sasa aya haina mjongezo wala upenyo, na mwisho wa aya ya kwanza unaweza kutambulika tu kama mstari wake wa mwisho ni mfupi. Ukitaka orodha iliyobana, andika `itemsep=0pt` peke yake, au iache `noitemsep` na uongeze `listparindent=1.5em`.

"Katika Markdown, mstari mtupu huikata orodha"

Mstari mtupu hauna hatia. Kinachoikata orodha ni aya inayofuata ikiwa haikujongezwa vya kutosha. Markdown ni namna ya kupanga hati kwa alama sahili za kibodi; ile ya awali ya John Gruber, ya mwaka 2004, ilidai nafasi 4 au Tab moja. CommonMark, toleo sanifu la Markdown lililokuja baadaye, hupima kwa namna nyingine: aya inayoendelea ianzie pale yalipoanzia maneno ya kipengele. Baada ya kistari na nafasi moja, hiyo ni nafasi 2. Baada ya `1.` na nafasi moja ni 3.

Kisha unafika kipengele cha `10.`, na tarakimu imeongezeka. Sasa zinahitajika nafasi 4. Aliyezoea 3 tangu mwanzo atashangaa aya yake imetoka nje ya orodha, na kosa lenyewe hujificha vizuri, kwa sababu `11.` inayofuata huanzisha orodha mpya inayoanzia 11. Namba zinasomeka sawasawa kabisa. Mimi hutumia nafasi 4 kila mahali kwenye orodha za namba, niwe na kipengele kimoja au tisini. Kwa namba za tarakimu moja au mbili inakubalika.

"Basi niandike namba kwa mkono"

Hapana. Ukiongeza hatua moja katikati, utazirekebisha zote zilizobaki, pamoja na kila mahali ulipoandika "tazama hatua ya 7". Namba ikianza upya bila kuombwa, Word ina amri ya kuendeleza hesabu ukibofya namba kwa kitufe cha kulia cha kipanya; enumitem ina `resume`; HTML ina `start`. Lakini amri hizi ni za orodha iliyokatizwa makusudi, kwa mfano na kichwa kidogo. Kama kilichoikata ni aya iliyopaswa kuwa ndani ya kipengele, irudishe ndani kwanza.

"Mradi inaonekana sawa"

Kwa anayetazama karatasi, pengine. Asiyeona, anayesomewa na kisoma skrini, hutangaziwa orodha ina vipengele vingapi kabla haijaanza. Orodha ya hatua 9 iliyokatika kila mahali penye aya ya ziada humfikia kama orodha kadhaa fupi zisizohusiana. Word ina kipimo cha haraka cha hili: bofya namba yoyote ya orodha mara moja, na namba zote za ngazi hiyo katika orodha hiyo zitapakwa kijivu kwa pamoja. Zilizobaki nyeupe, hata kama hesabu yake imefuatana, ni za orodha nyingine.