Je, Wajua Kwa Nini Ngazi Nne za Fani Hulifanya Zimwi Moja Kuwa Hatari Kuliko Jingine?

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Kwenye meza ya Dungeons & Dragons mambo hugeuka: zimwi ulijualo ndilo halikutishi tena. Vikundi vya marafiki vinavyocheza mchezo huu wa kusimulia kisa kwa pamoja na kurusha dadu jijini Nairobi, watu wanne watano wamebanana sebuleni Jumamosi mchana, hulizoea zimwi mapema sana. Lina rungu kubwa na akili ndogo. Linapiga, linapigwa, linakufa. Kisha siku moja msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia kisa na kuwaendesha maadui, analeta zimwi la sura ile ile, ila hili linapandwa na hasira na kupiga mara mbili kwa zamu moja. Amelivika ngazi za fani, yaani viwango vya ujuzi wa kazi kama vya mhusika wa mchezaji.

Wachezaji huuliza kama hiyo ni haki. Kanuni zinaruhusu. Swali lenye utamu ni jingine: ngazi hizo zimeliongezea ukali kiasi gani? Jibu ni kwamba inategemea zimeangukia mwili gani.

Kila mhusika anayeendeshwa na mchezaji ana fani, yaani kazi inayoamua anachoweza, na ngazi inayoonyesha amefika wapi katika kazi hiyo. Mchezo ulipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Zimwi halikuwa na fani, na hata ungetaka kulipa usingepata pa kuipachika, maana lilielezwa kwa namba chache: dadu za uhai (zinazorushwa kujua linastahimili madhara kiasi gani), ugumu wa kulipata (namba inayoonyesha ilivyo vigumu pigo kulifikia), madhara ya pigo lake. Mabadiliko yalikuja na toleo la tatu, mwaka 2000. Hapo viumbe vyote, kuanzia mfalme hadi panya wa shimoni, vilipimwa kwa sifa sita zile zile za wahusika: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Zimwi na shujaa walipoanza kupimwa kwa rula moja, kuwajumlisha kukawa hesabu tu.

Toleo hilo pia lilimpa kila kiumbe namba ya ukali. Ukali wa 3 maana yake ni kwamba wahusika wanne wa ngazi ya 3 wanatarajiwa kukishinda kiumbe hicho wakiwa wametumia karibu asilimia 20 ya akiba yao ya uhai, uchawi na dawa. Katika marekebisho ya kanuni ya mwaka 2003, zimwi la kawaida lina ukali wa 3 na dadu nne za uhai. Ungedhani ukiliongezea ngazi nne litakuwa na ukali wa 7, na mjadala umeisha.

Kwa fani ya babariani, mpiganaji wa hasira, ni kweli. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2003 zina mfano huo huo, zimwi babariani wa ngazi ya 4, na ukali wake ni 7. Tazama kinachotokea ndani ya hesabu. Zimwi lilikuwa na uwezo wa msingi wa kushambulia, yaani namba inayojumlishwa kwenye dadu ya shambulio, wa 3. Babariani huongeza 1 kwa kila ngazi, hivyo unafika 7, na ukishafika 6 kanuni zinakupa pigo la pili katika zamu. Ongeza hasira, inayopandisha nguvu kwa pointi 4 na ustahimilivu kwa pointi 4. Ongeza mwendo wa kasi. Kila kilichoingia kimekuza kitu ambacho zimwi tayari lilikuwa likikifanya vizuri.

Sasa lipe zimwi lile lile ngazi nne za uchawi wa vitabuni. Uwezo wa kushambulia unapanda kwa 2 tu, kwa hiyo pigo la pili halipo. Dadu za uhai za mchawi zina pande nne, za babariani kumi na mbili. Kuna na tatizo la akili. Kufanya uchawi kunataka akili ya 10 kujumlisha ngazi ya uchawi wenyewe, na zimwi la kawaida lina 6. Halina hata uwezo wa kuwasha mwanga mdogo. Msimamizi lazima aanze na zimwi teule, la wale wanaopangiwa sifa kwa safu ya 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Hata akiiweka 15 kwenye akili, umbile la zimwi linakata 4 na kubakiza 11.

Ndiyo maana kanuni za 2003 zinatenganisha fani zinazoendana na mwili na zisizoendana nao. Inayoendana huongeza ukali 1 kwa kila ngazi. Isiyoendana huongeza nusu, mpaka idadi ya ngazi hizo ilingane na dadu za uhai ambazo kiumbe kilikuwa nazo mwanzoni. Baada ya hapo kila ngazi inahesabiwa nzima, kwa sababu kufikia hapo ile fani si pambo tena, ni nusu ya kiumbe. Zimwi letu lenye ngazi nne za uchawi linaishia kwenye ukali wa 5. Ngazi ya tano italipeleka 6.

Hapa mimi nina ugomvi kidogo na kanuni. Nusu hiyo ni bei ya haki kama zimwi linajaribu kuwarushia watu uchawi, maana kwa akili ile uchawi wake ni rahisi kuukwepa. Lakini uchawi unaoufanya juu ya mwili wako mwenyewe haumwombi mtu ruhusa. Zimwi la kawaida, likiwa na vazi lake la ngozi, ugumu wa kulipata ni 16. Livue ngozi ubaki na 13, kisha lijiwekee deraya ya uchawi na ngao ya uchawi, kila moja ikiongeza 4. Sasa ni 21, na rungu lingali mkononi. Ukiwaletea wachezaji wako zimwi la namna hii kwa bei ya ukali wa 5, usishangae wakikununia hadi wakifika stejini kupanda matatu.

Jambo hili linanoga zaidi ukitumia hadithi zetu. Irimu wa ngano za Wakikuyu mara nyingi huja kama kijana mtanashati anayeposa binti, mdomo wake wa pili ukiwa umefichwa kisogoni chini ya nywele. Ukitaka kumleta mezani, kishawishi cha kwanza ni kuchukua zimwi na kulipa ngazi nne za ujanja, fani ya wezi na wapelelezi. Ila zimwi la mchezo lina urefu wa futi tisa hadi kumi. Hakuna bibi harusi atakayedanganyika. Ujanja hauendani nalo, na ukali unakuwa 5. Chukua badala yake dopelganga, kiumbe kinachojivika sura ya mtu yeyote na kusoma mawazo. Nacho kina ukali wa 3 na dadu nne za uhai, sawasawa na zimwi. Lakini chenyewe huishi kwa udanganyifu, kwa hiyo ngazi zile zile nne za ujanja zinahesabiwa nzima: 7.

Toleo la tano, la mwaka 2014, liliachana na mgawanyo huo. Kila ngazi unayoongeza huleta dadu moja ya uhai ya kiumbe chenyewe, kulingana na ukubwa wake, si ya fani. Kwa zimwi ni dadu ya pande kumi hata likiwa mchawi. Kisha unatupilia mbali ukali wa zamani na kuupiga upya: uhai na ugumu wake upande mmoja, na upande wa pili wastani wa madhara linayoweza kutoa katika raundi tatu za kwanza. Inachosha, lakini zimwi mchawi mwenye deraya na ngao anakamatwa humo, kwa sababu ugumu wake wa kupatikana unaingia kwenye hesabu. Kisichoingia vizuri ni zamu. Zimwi moja, hata likiwa na ngazi kumi, hucheza mara moja kila wachezaji wanne wanapocheza mara nne, kwa hiyo mpe mwenye fani wasaidizi wawili watatu wasio na fani yoyote, na ukali wao uuhesabu ndani ya ukali uliopangia pambano lote.