Kabla ya Kutia Sahihi Kwenye Kituo cha Ubunifu, Ulizeni Kazi Ni ya Nani

Tangu kituo cha ubunifu cha iHub kifungue milango mwaka wa 2010, Nairobi haijakosa mahali pa kulea biashara changa. Vyuo navyo vikafuata: Strathmore ina iBizAfrica, Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, na kile cha Kenyatta kina kituo cha Chandaria. Mwanafunzi hupata meza, intaneti, washauri na, akibahatika, mtaji kidogo. Kinachosambaratisha vikundi vingi, lakini, ni umiliki, na nasikitika kwamba huzungumzwa mambo yakishaharibika.

Chukua wanafunzi wanne wanaotengeneza programu ya kuweka hesabu za madeni ya wauzaji wa Marikiti. Wawili wanaandika programu, mmoja anashinda sokoni akiwaonyesha kina mama jinsi ya kuitumia, na wa nne alitoa pesa za kusajili kampuni. Kwa kuwa ni marafiki, wanagawana hisa asilimia 25 kila mmoja. Baada ya mahafali, mmoja anaajiriwa na benki kule Upper Hill. Haonekani tena, ila robo ya kampuni bado ni yake. Mwekezaji akiona hivyo, anasita, na ana haki ya kusita. Dawa yake ni mkataba wa kuzipata hisa polepole, kwa kawaida kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka mmoja haondoki na chochote. Uandikeni mkiwa bado mnapendana.

Kisha kuna chuo chenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, programu ya kompyuta inalindwa tangu inapoandikwa, hata bila kusajiliwa, na kwa kawaida mwenyewe ni aliyeiandika. Kazi ya mwajiriwa ni suala jingine: isipokuwa mkataba useme vinginevyo, inakuwa ya mwajiri. Kwa hiyo mwanafunzi anayelipwa na chuo kama msaidizi wa utafiti asome mkataba wake kwa makini kabla ya kudai kwamba kazi ni yake. Sera ya chuo pia inaweza kudai sehemu pale maabara au fedha za utafiti zilipotumika. Iombeni sera hiyo kwa maandishi. Kituo kinachotaka hisa kiseme ni asilimia ngapi na kinatoa nini. Kikisitasita, tafuteni kingine.

Wenye kifaa kipya, si programu tu, wawe waangalifu na siku za maonyesho. Sheria yetu ya mali ya viwandani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, baada ya yeye mwenyewe kuutangaza uvumbuzi wake. Nchi nyingi za Ulaya hazitoi nafasi hiyo, kwa hiyo anayetazamia soko la huko apeleke ombi lake KIPI, taasisi ya serikali inayotoa hataza, kwanza, ndipo apande jukwaani.