Kwa nini mkanda wa VHS haugeuki HD

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani ziwe faili za kidijitali, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Unaweza kunitolea kwa HD, ile picha kali ya televisheni za kisasa?" Faili ya pikseli 1920 kwa 1080 naweza kuitengeneza. Kisichonaswa siku ya kurekodi siwezi kukirudisha.

Wiki hii nimeshinda na mkanda mmoja wa VHS. Mtoto anabembea, amevaa sweta jekundu, na wekundu wake umevuka bega ukamwagika ukutani kama wino kwenye karatasi mbichi. Mwenye mkanda alidhani umechakaa. Haujachakaa, ndivyo ulivyorekodiwa. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, na mkanda wake wa upana wa milimita 12.7 haukuweza kubeba mawimbi yote ya televisheni. Rangi ikateremshwa hadi masafa ya karibu kilohezi 627 kwa PAL, mmoja wa mifumo ya televisheni, ikafinywa chini ya masafa ya mwangaza, yaani sehemu ya picha inayobeba weusi na weupe. Mwangaza ulibaki na uwezo wa kuonyesha mistari kama 240 hivi kwa upana wa picha. Rangi haifiki hata 50. Jicho huvumilia rangi iliyotapakaa kuliko ukingo usioonekana, na mimi nawaheshimu sana wahandisi walioamua hivyo.

DVD ilipokuja mwaka 1996 chenga ziliisha, watu wakaona tumefika. Bado. Picha ya DVD kwa PAL ni pikseli 720 kwa 576. HD kamili ina pikseli mara 5 ya hizo, sawasawa.

Kikwazo cha kuijaza HD kwenye diski kilikuwa mwanga wenyewe. Leza haiwezi kusoma alama ndogo kupita kiasi kuliko wimbi lake, na leza nyekundu ya DVD ina wimbi la nanomita 650, hivyo njia za data zilipishana kwa mikromita 0.74. Blu-ray, diski ya HD ya mwaka 2006, ilitumia leza ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Njia zikasogeleana hadi mikromita 0.32, na data ikapandishwa karibu na uso wa diski, milimita 0.1 tu ndani badala ya 0.6. Tabaka moja likatoka gigabaiti 4.7 hadi 25. Mshindani wake, HD DVD ya Toshiba, ilikuwa na leza hiyohiyo ila ilibaki na kina cha zamani, ikaishia gigabaiti 15. Toshiba waliiacha Februari 2008.

Wengi hawajui kwamba mkanda uliwatangulia wote hao: filamu za HD ziliuzwa kwenye kanda za D-VHS, yaani VHS ya kidijitali, tangu 2002.

Mkanda wa yule mtoto nitautoa kwa 720 kwa 576. Kila picha ya video hiyo imefumwa kwa nusu-picha mbili za nyakati tofauti; nitazitenganisha ili miendo yote 50 ya kila sekunde ibaki, bembea isikwamekwame. Na wekundu wa sweta nitausogeza kushoto kidogo, maana kwenye VHS rangi huchelewa nyuma ya mwangaza.