Je, wajua kwa nini kompyuta hudhani Jiwe la Bismarck limebandikwa gundi?

Mgeni wa Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck kabla hata hajauliza bei ya sangara. Liko pale ziwani, limekalia miamba mingine, na katikati hakuna saruji wala nondo. Kinachoshikilia ni uzito na msuguano tu. Mtoto wa darasa la pili akiulizwa atakwambia kwamba jiwe la juu haliwezi kuzama ndani ya jiwe la chini, na kwamba likipatikana jitu lenye nguvu linaweza kuliinua. Programu za uhandisi zinazokokotoa madaraja na meli hazijui hata moja kati ya hayo mawili, mpaka ziambiwe.

Sababu iko kwenye namna zinavyofanya kazi. Programu hizi hukikata kitu kizima katika vipande vidogo viitwavyo elementi, vinavyokutana kwenye nukta ziitwazo nodi. Ndiyo njia ya elementi finiti, jina ambalo mhandisi Mmarekani Ray Clough alilitumia kwenye andiko lake la mwaka 1960. Kila elementi ina ugumu wake, yaani kiasi inachokataa kusogea ikisukumwa. Kompyuta hukusanya ugumu wote huo kwenye milinganyo, ambayo inaweza kufika mamia ya maelfu, kisha huitatua kwa mkupuo. Haioni mawe. Inaona nodi na milinganyo inayoziunganisha.

Kwa hiyo jiwe likikaa juu ya jiwe, kuna njia mbili tu za kawaida. Ama mawe yote mawili yanatumia nodi zilezile mahali yanapogusana, na hapo kwa kompyuta hilo ni jiwe moja. Ama kila moja lina nodi zake, na hapo hayajuani kabisa: la juu litapita ndani ya la chini kama jini ukutani, na programu haitalalamika.

Tupige hesabu kwa jiwe la kubuni, si Bismarck lenyewe. Lina upana wa mita 3 kwa 3 na kimo cha mita 6. Mita moja ya ujazo ya matale, mwamba uliotapakaa Mwanza, ina uzito wa karibu tani 2.6, kwa hiyo jiwe letu lina tani 140 hivi. Limesimama juu ya pointi nne, moja kila pembe. Sasa lisukume kwa ubavu, katikati ya kimo chake, kwa nguvu sawa na uzito wa tani 60. Pointi mbili za upande unaosukumwa zitabaki na tani 10, na mbili za upande wa pili zitabeba 130. Sawa. Ongeza msukumo ufike tani 80. Modeli iliyounganishwa nodi itakujibu bila wasiwasi: upande mmoja unabeba tani 150, na upande mwingine unabeba tani 10 chini ya sifuri, yaani jiwe la chini linalivuta la juu lisiinuke. Linalivuta kwa nini? Hakuna gundi pale. Jiwe hilo lingekuwa limeshapinduka, na ripoti yako ingesema liko salama.

Dawa yake ni elementi ya mwanya. Ni springi yenye tabia ya mtu anayesukuma gari lililozima: anaweza kulisukuma, lakini hana kamba ya kulivuta. Nodi mbili zikikaribiana mpaka mwanya ukaisha, springi inaamka na kusukuma. Zikiachana, inalala na nguvu yake inakuwa sifuri.

Kuiunda si kazi ngumu. Unachagua nodi moja kwenye jiwe la chini na mwenzake kwenye la juu, unaziunganisha, kisha unajaza mambo machache: mwanya wa kuanzia, ugumu wakati umefunga, ugumu wakati umefunguka, na kipimo cha msuguano. Kwenye NASTRAN, programu iliyozaliwa NASA miaka ya 1960, elementi hii huitwa CGAP na sifa zake huandikwa kwenye PGAP. SAP2000 nayo inayo, miongoni mwa viungo vyake. Wengi hunaswa kwenye mwelekeo. Nodi zikiwa na umbali kati yao, programu hufuata mstari unaotoka ya kwanza kwenda ya pili. Zikiwa mahali pamoja kabisa, hakuna mstari, na ni wewe wa kusema upande upi ni juu. Ukigeuza, unapata jiwe linaloruhusiwa kuzama na kukatazwa kuinuka.

Ugumu wakati umefunga nao una fitina yake. Kila pembe ya jiwe letu inabeba tani 35, karibu kilonewtoni 343. Ukiweka ugumu wa kilonewtoni 1,000 kwa mita, jiwe litazama sentimita 34 ndani ya mwenzake, kichekesho. Ukiweka 1,000,000, litazama theluthi moja ya milimita, na hilo tunalisamehe. Basi mbona tusiandike moja na sifuri thelathini tukalale? Kwa sababu kompyuta kwa kawaida hutunza tarakimu 15 au 16 tu za kila namba, na namba kubwa kupita kiasi humeza ndogo zilizo jirani yake. Kanuni ya mafundi ni kuweka ugumu unaozidi wa majirani mara 1,000 hivi, kisha kujaribu.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Kompyuta haijui mapema ni mianya ipi itafunga na ipi itafunguka, kwa hiyo inakisia, inatatua, inakagua, inarekebisha na kurudia. Hesabu ya aina hiyo lazima uiombe. Ukibonyeza ile ya kawaida ya mstari mnyoofu, inayotatua mara moja bila kukagua wala kurudia, elementi zako zinageuka springi za kila siku na gundi inarudi kimyakimya. Ukiiomba, kwa tani 80 za jiwe letu programu itazunguka, itazunguka, kisha itakataa kutoa jibu. Wanaoanza hukasirika na kuanza kurekebisha mipangilio. Lakini jibu ndilo hilo: jiwe limeanguka, hakuna mkao wa kukokotoa.

Mawe ni mfano tu; kazi yenyewe iko kwenye vitu kama Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Madaraja marefu huachiwa nafasi za kutanuka. Kipande chochote cha zege cha mita 100, kilichofungwa upande mmoja, kikiongezeka joto kwa nyuzi 20 hurefuka kama milimita 20. Kikiachiwa nafasi ya milimita 15, hutanuka kwa raha mpaka hapo, na 5 zilizobaki zinageuka mkandamizo. Bila elementi ya mwanya, modeli itaonyesha ama mkandamizo tangu nyuzi ya kwanza, ama zege likipenya zege. Na ile 15 unayoiandika kama mwanya wa kuanzia usiinakili tu kwenye mchoro: ni lazima iendane na joto la zege unaloanzia hesabu, kwa kuwa nafasi iliyopimwa alfajiri huwa imeshapungua ifikapo saa nane mchana.